Sehemu ya Pili ya Daredevil: Sindano, Uzi na Korido

Jumamosi iliyopita usiku niliitazama tena sehemu ya pili ya msimu wa kwanza wa Daredevil, ile iitwayo "Cut Man", na kwa mara ya kwanza sikuitazama peke yangu. Mama yangu, ambaye alikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, alikuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nami wiki mbili. Vyombo vilipokwisha kuoshwa aliketi kwenye kochi akaniuliza ni kitu gani hicho ninachokirudia kila mara. Nikamwambia ni hadithi ya mwanasheria kipofu wa New York ambaye usiku hufunika uso na kupigana na wahalifu. Hakuvutiwa. Lakini nilipomweleza kwamba sehemu hii, karibu yote, inamhusu muuguzi anayemtibu mtu aliyeokotwa jalalani, alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena na kusema, "Haya, washa tuone anavyofanya."

Nimekuwa shabiki wa tamthilia hii tangu Netflix ilipofika kwetu Januari 2016. Yenyewe ilikuwa imetoka miezi tisa kabla, tarehe 10 Aprili 2015, sehemu zote 13 za msimu wa kwanza zikiachiwa siku moja. Mwasisi wake ni Drew Goddard, ndiye pia aliyeandika sehemu mbili za mwanzo, na aliyeziongoza ni Phil Abraham, mtu aliyetokea kwenye kazi ya kupiga picha za filamu, jambo ambalo mtazamaji analiona wazi katika namna anavyoutumia mwanga hafifu na kuuacha uso wa mwigizaji nusu umezama gizani. Mhusika mkuu, Matt Murdock, anaigizwa na Charlie Cox. Akiwa na umri wa miaka 9, Matt alimsukuma mzee mmoja asigongwe na lori, na kemikali zilizomwagika kutoka kwenye lori hilo zikampofusha, kisha zikayanoa masikio, pua na ngozi yake kupita kiasi cha binadamu. Mhusika huyu alianzia kwenye vitabu vya katuni vya Marvel mwaka 1964, akiwa kazi ya Stan Lee na mchoraji Bill Everett, lakini mimi nilimjua kwa mara ya kwanza kupitia tamthilia hii, na kwangu yeye atabaki kuwa yule kijana aliyejifunga kitambaa cheusi machoni, kabla vazi jekundu halijapatikana mwishoni mwa msimu. Nitayasimulia yanayotokea, kwa hiyo anayetaka kuitazama bila kujua chochote aanze na hilo, kisha arudi.

Sehemu ya kwanza ilimalizika kwa mtoto wa kiume kutekwa na genge la Warusi mbele ya baba yake. Mtu yeyote aliyezoea hadithi za mashujaa angetegemea sehemu ya pili ianze na shujaa akivunja mlango wa watekaji. Badala yake tunamkuta shujaa mwenyewe ndani ya pipa kubwa la taka, amelowa damu, hajitambui. Alikwenda kumkomboa mtoto, akakuta ni mtego uliotegwa kwa ajili yake, akapigwa na kuchomwa visu hadi akabaki na nguvu za kutambaa tu. Kijana wa jirani, Santino, ndiye aliyemwona, naye akaenda kumwita Claire Temple, muuguzi anayeishi katika jengo lilelile. Claire, anayeigizwa na Rosario Dawson, anamwingiza ndani, anamvua kile kitambaa, na kwa kufanya hivyo anakuwa mtu wa kwanza kuuona uso uliokuwa nyuma yake.

Kinachonigusa kila mara ni kwamba tamthilia imethubutu kumlaza shujaa wake chali mapema hivi. Bado hatujamjua vizuri, bado hatujahesabu ushindi wake, na tayari tunaoneshwa gharama yake. Kwa sehemu kubwa ya dakika zinazofuata hawezi hata kukaa wima. Mazungumzo yake na Claire ni ya mgonjwa na mhudumu: usinyanyuke, vuta pumzi, unaumia wapi. Claire anapomulika macho yake na kuona hayaitikii mwanga, na mgonjwa mwenyewe hashtuki, anaelewa kwamba mtu huyu haoni, na kwamba hali hiyo haikuanza usiku huo. Mtu huyu hataki kwenda hospitali wala kutaja jina lake. Claire hamlazimishi. Anampa jina la Mike, jina la mwanamume aliyewahi kuwa naye, ambaye naye alikuwa hodari wa kuficha siri.

Kisha linakuja lile tukio la kifua. Matt anaanza kushindwa kupumua. Mama, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, alisogea mbele ya kochi akasema kwa sauti ya chini, kama vile Claire angeweza kumsikia, "Hewa imejaa kifuani huyo. Amtoe hewa." Sekunde chache baadaye Claire akachukua sindano na kuichoma ubavuni. Nilimgeukia Mama, naye alikuwa ameinua kidole chake cha shahada akionesha hewani mahali hasa ambapo yeye angechoma. Akanieleza kwamba pafu likitoboka, hewa huvuja na kukusanyika katikati ya pafu na ukuta wa kifua, na kwa kuwa haina pa kutokea huzidi kulibana pafu, hata moyo ukaanza kusukumwa pembeni. Mgonjwa wa namna hiyo hufa haraka iwapo hakuna mtu wa kuifungulia hewa njia. Nilikuwa nimeitazama sindano ile mara nyingi kama sehemu ya msisimko wa hadithi tu. Safari hii niliiona kama uamuzi wa mtu anayejua kazi yake na ambaye hana taa nzuri, hana daktari wa kumwita, wala hana meza ya upasuaji.

Naeleza haya kwa sababu mimi nimekulia katika nyumba ya aina hiyo. Nilipokuwa na umri kama wa Matt yule mdogo, majirani walikuwa wakibisha hodi kwetu usiku: mvuvi aliyekatwa na mshipi wa ndoana, mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, kijana ambaye hakutaka kusema nani kampiga. Mama alikuwa akichemsha vifaa vyake katika sufuria ndogo iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee, na mimi nilikuwa nashika kandili. Kazi yangu ilikuwa moja, kuishika kandili isitikisike. Ninaukumbuka mdomo wa jeraha ukifungwa kidogo kidogo, na namna Mama alivyokuwa akizungumza na mgonjwa juu ya mambo mengine kabisa, bei ya samaki au mvua za vuli, hadi uzi wa mwisho ukakatwa. Ndiyo maana jina la sehemu hii lilinikamata kabla sijaitazama.

Katika ndondi, yule anayeitwa "cut man" ni mtu wa kona ambaye kazi yake ni kuziba mipasuko ya bondia. Ana dakika moja tu katikati ya raundi na raundi. Ana kijiti chenye pamba iliyolowekwa adrenalini ya kukaza mishipa ya damu, ana kipande cha chuma kilichotoka kwenye barafu cha kukandamizia uvimbe, na ana mafuta mazito ya kupaka ili ngumi iteleze. Mpasuko unaoogopwa zaidi ni ule wa juu ya nyusi, kwa kuwa damu yake hutiririka moja kwa moja kwenye jicho, na bondia asiyeona hupigwa asikokutazamia, au mwamuzi hulisimamisha pambano. Kwa maneno mengine, mtu huyu wa kona analinda macho ya mwenzake. Sikuwahi kulifikiria jambo hili hadi Jumamosi, na lilipoingia kichwani nilinyamaza kwa muda. Mikono inayofanya kazi hiyo katika sehemu hii ni ya Matt mwenyewe akiwa mtoto, mtoto ambaye dunia yote ya tamthilia hii inamjua kwa macho aliyoyapoteza.

Hadithi ya utotoni imeletwa kwa kisengerenyuma, ikipishana na chumba cha Claire. Baba yake, Jack Murdock, anayeigizwa na John Patrick Hayden, ni bondia wa daraja la chini anayejulikana zaidi kwa kupokea ngumi kuliko kwa kushinda. Anarudi nyumbani uso umepasuka, na mwanawe, anayeigizwa na Skylar Gaertner, anakaa mbele yake na sindano. Baba anamruhusu mtoto anywe funda moja la pombe kali ili mkono usitetemeke. Mama hapo alitikisa kichwa, akasema hakuna jambo lililomkera zaidi katika sehemu yote kuliko funda lile, kwamba baba mwenye akili angemwomba jirani. Nilimwelewa. Lakini naamini tukio hilo limewekwa kwa makusudi mazito. Jack hana mtu mwingine. Mama wa mtoto hayupo, daktari anataka fedha, na fedha ya pambano la kushindwa haitoshi. Anachoweza kumpa mwanawe ni ile heshima ya kuaminiwa na jambo la watu wazima, nayo inakuja na ubaya wake wote. Tazama uso wa mtoto anaposhona: hana huruma ya machozi, amekaza midomo kama fundi. Miaka mingi baadaye, akiwa amelala kwenye kochi la Claire, mtu huyuhuyu anashonwa na hapigi kelele. Tumeshaoneshwa alikojifunzia kunyamaza.

Watu wenye fedha, wakiongozwa na Roscoe Sweeney, wanamtaka Jack auze pambano lake dhidi ya Carl "Crusher" Creel kwa kujiangusha raundi ya tano. Wapenzi wa katuni za Marvel wanalijua jina la Creel kwa habari nyingine kabisa, ya mtu anayegeuza mwili wake kuwa chuma au jiwe akiligusa, na ni jambo zuri kwamba hapa halifanyiwi mbwembwe yoyote. Hapa ni bondia tu. Jack anakubali. Kisha anamtazama mwanawe, anakumbuka ni mara ngapi amemwambia kwamba akina Murdock wakiangushwa huinuka, na anaona hawezi kuwa yule anayelala chini kwa malipo. Anapiga simu na kuweka dau upande wake mwenyewe, akiagiza kwamba fedha zote ziende kwa Matt. Anapiga simu nyingine kwa mama wa mtoto. Simu hiyo ya pili ni fupi, na mtazamaji wa mara ya kwanza anaweza kuipita bila kuijali, lakini ni deni ambalo waandishi walikuja kulilipa katika msimu wa tatu, mwaka 2018. Jack anajua atakachofanyiwa akishinda. Amekwisha kupanga kila kitu kama mtu anayesafiri.

Kilichobaki moyoni mwangu katika pambano hilo ni mtoto aliye nyumbani akilisikiliza. Umati unaliita jina la baba yake, naye ametulia, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja. Kwa sisi tuliokulia na redio, picha hiyo haihitaji maelezo. Baba mdogo alikuwa akisikiliza mpira vivyo hivyo, redio sikioni, macho yakitazama ukutani pasipo kuuona, na tulijua goli limefungwa kabla mtangazaji hajamaliza sentensi kwa sababu mabega yake yalikuwa yanapanda. Matt anasikia ushindi. Baadaye anausikia mlio wa bunduki, na anajua. Kule uchochoroni anaugusa uso wa baba yake kwa vidole, uso uleule alioushona, na nilimsikia Mama akivuta pumzi.

Hapa nataka nikae kidogo juu ya suala la usikivu, kwa sababu ndilo lililonifanya niiheshimu tamthilia hii kuliko nyingine za aina yake. Mtayarishaji mvivu angetuonesha nguvu za Matt kwa michoro ya kompyuta kila dakika. Katika "Cut Man" tunategemea zaidi uso wa Cox. Anageuza sikio na si macho, anatulia ghafla katikati ya sentensi, pua inafunguka kidogo. Cox alifanya mazoezi na Joe Strechay, mtaalamu asiyeona kutoka shirika la Marekani linalowahudumia vipofu, ili ajifunze mwenendo halisi wa mtu asiyeona, na matunda yake yanaonekana katika mambo madogo kama namna anavyokitafuta kikombe. Kuna jambo jingine ambalo kila ninapolikumbuka hufurahi. Tamthilia ilipotoka, watu wasioona walihoji kwa haki kabisa iweje hadithi ya shujaa kipofu isiwe na maelezo ya sauti yatakayowawezesha wao kuifuata. Siku chache tu baadaye, Aprili hiyohiyo ya 2015, Netflix ilitangaza kuanza kuweka maelezo ya sauti, na Daredevil ndiyo iliyotangulia, kisha nyingine zikafuata. Natamani siku moja maelezo kama hayo yawepo kwa Kiswahili, kwa sababu lugha yetu ina utajiri mkubwa wa maneno ya milio na mienendo, na mtu akisimulia korido ile kwa Kiswahili kizuri, msikilizaji hatakosa kitu.

Usikivu huo ndio unaoleta tukio la katikati. Matt akiwa bado kwenye kochi anasema kuna mtu ndani ya jengo anayepita mlango kwa mlango. Anamjua kwa harufu ya sigara na manukato yake, naye bado yuko orofa ya tatu. Mtu huyo anajifanya askari wa upelelezi. Claire anazungumza naye mlangoni, na uso wake umetulia, ila vidole vyake vimekaza mlango. Mtu anaondoka, lakini Matt anasikia kwamba hakusadiki, na kwa mwili ule uliojaa nyuzi mbichi anajikokota hadi kwenye ngazi na kumwangushia mtungi wa kuzimia moto kutoka juu. Ukimya unaotangulia kishindo kile ni mmoja wa ukimya uliopimwa vizuri zaidi katika msimu mzima.

Yanayofuata juu ya paa ndiyo yaliyotugawanya mimi na Mama, na bado hatujapatana. Matt anamfunga yule Mrusi na kumtesa ili aseme mtoto yuko wapi. Claire, akiwa amejifunika uso, anasimama pembeni, na mateso yanapokwama ni yeye anayemwelekeza Matt mahali pa kuchoma kisu, juu ya jicho, penye neva ya uso yenye maumivu makali. Mimi siku zote nilikuwa nimelipokea tukio hilo kama kipimo cha hasira ya Claire: amewahudumia wengi mno walioharibiwa na watu kama huyu, na mtoto yuko mikononi mwao. Mama alisimamisha picha mwenyewe. Alinyoosha mkono akachukua rimoti, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema, "Mwanangu, muuguzi hafanyi vile. Ile neva alifundishwa ili aipoze." Nikamkumbusha habari ya mtoto. Akasema mtoto ataokolewa kwa njia nyingine au asiokolewe, lakini mkono ukishajua njia ya kuumiza, kesho utamshika vipi mgonjwa? Nilijaribu kutetea, nikaona maneno yangu ni mepesi mbele ya miaka yake 30.

Nimelifikiria wiki nzima. Naona sasa kwamba tamthilia yenyewe haimtetei Claire, nami nilikuwa naitetea kuliko inavyojitetea. Matt anamwambia yule Mrusi kwamba anayafanya haya kwa sababu anayafurahia, na kamera inamwendea Claire, na uso wake unabadilika. Ametoa maarifa yake kwa mtu ambaye hamjui. Kisha Matt anamtupa Mrusi kutoka juu ya paa, anaangukia kwenye pipa la taka kama lile alilookotwa humo Matt, na yu hai, lakini hilo halimrudishii Claire usingizi. Bado nalipenda tukio hili, ila silipendi kwa sababu ileile ya zamani. Nalipenda kwa kuwa limemwacha mtu mwema katika hali isiyo na kisingizio, na halikumwondoa humo.

Juu ya Karen na Foggy sina mengi. Karen Page, wa Deborah Ann Woll, mteja wa kwanza wa ofisi ya Matt, anaogopa kurudi kwenye nyumba aliyoshambuliwa na kuzinduka kando ya maiti, na Foggy Nelson, wa Elden Henson, mwanasheria mwenza wa Matt, anamtembeza usiku kucha kwenye baa za mtaani ili asiwe peke yake. Ni sehemu nyepesi, na mara mbili nilitaka irudi upesi kwa Claire. Hata hivyo, Foggy naye anafanya kazi ya mtu wa kona kwa namna yake, na mji ule ungekuwa baridi sana bila kicheko chao.

Tumefika kwenye korido, ambayo ndiyo watu wote huizungumzia. Mrusi mmoja anapita na sinia ya chakula kumpelekea mtoto aliyefungiwa chumba cha mwisho. Wenzake wako chumba cha pembeni wakitazama televisheni. Kuta zina rangi ya kijani iliyochujuka, taa ni ya njano ya kuumiza. Matt anaingia. Kwa karibu dakika 3 kamera haikatwi. Inasogea mbele, inageuka, inarudi nyuma polepole, na mapigano yanaingia na kutoka kwenye milango ya pembeni kiasi kwamba mara nyingine tunabaki tukitazama korido tupu na kusikiliza vishindo nyuma ya ukuta. Oveni ya maikrowevu inaruka kutoka mlangoni na kumpata mtu. Aliyepanga mapigano haya ni Philip Silvera, na mwigizaji mbadala wa Cox katika matukio ya hatari ni Chris Brewster, aliyepishana naye humo humo vyumbani bila sisi kuona. Linganisho na korido ya Oldboy, filamu ya Korea Kusini ya mwaka 2003, limefanywa na wengi na lina haki yake.

Lakini mimi naomba mtazamaji aangalie miguu. Matt anapoingia tayari amechoka. Nyuzi za Claire bado mbichi, pafu lilitobolewa saa chache zilizopita. Anapiga, anaegemea ukuta. Anapiga tena, anapepesuka, anamkumbatia adui kama bondia wa raundi ya mwisho anayetafuta pa kupumzikia. Na wale wanaoanguka wanainuka. Katika hadithi nyingi za mashujaa adui akipigwa mara moja hulala, kana kwamba amelipwa alale. Hapa kila mmoja anapaswa kuangushwa mara mbili, mara tatu, na kila kuinuka kwao kunamdai yeye ainuke pia. Hakuna anayeruka sarakasi kwa ajili ya kupendeza. Sauti iliyo juu ni ya pumzi. Tumetoka kumwona baba yake akikataa kulala chini raundi ya tano, na sasa tunamwona mtoto wa baba huyo akitembea kwenye korido nyembamba kama ulingo, akianguka na kuinuka, bila umati wa kuliita jina lake. Mambo hayo mawili hayakuunganishwa kwa neno hata moja. Waandishi wametuamini, nami nawashukuru kwa hilo.

Mwishoni anaingia chumba kile cha mwisho na kutoka amembeba mtoto. Anapita katikati ya watu waliolala sakafuni, wengine wakigumia, na anatembea polepole sana kwa sababu hawezi kutembea haraka. Nilimtazama Mama nikitegemea aseme neno juu ya mapigano. Hakuwa anatazama mapigano hata kidogo. Alikuwa ameinama mbele, akichungulia upande wa ubavu wa Matt.

"Zile nyuzi zimefumuka zote," alisema. "Nani atamshona huyu sasa?"

Nikamwambia Claire anarudi, sehemu ya nne. Akaniuliza iwapo ya nne ni ndefu. Nikasema ni karibu saa nzima, na kabla yake ipo ya tatu. Akainuka, akaenda jikoni kuweka maji ya chai.